Reli nyepesi mjini: kazi iliyo chini ya lami na ndani ya karakana

Kila foleni ya Dar es Salaam au Nairobi inapozidi, hakosi mtu wa kuuliza mbona sisi hatujengi tramu kama wenzetu. Swali ni la haki. Leo miji ipatayo 400 duniani ina tramu au reli nyepesi, na mingi kati yake iling'oa reli za zamani, kisha ikarudi kuzitandika upya kwa gharama kubwa. Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa imebakiwa na tramu katika miji mitatu tu: Lille, Marseille na Saint-Étienne. Nantes ikafungua njia mpya mwaka 1985, Grenoble 1987, Strasbourg 1994, na sasa miji yenye tramu nchini humo imepita 20. Edmonton ya Kanada ilianza 1978, San Diego 1981, Manchester 1992. Huku Afrika, Tunis ilifungua yake mwaka 1985, wakafuata Rabat na Algiers mwaka 2011 na Casablanca mwaka 2012. Dubai ilifungua yake Novemba 2014.

Pwani yetu yenyewe si ngeni kwa reli za mitaani. Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na matoroli ya abiria yaliyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba katikati ya mji, na Unguja ilikuwa na treni ya Bububu tangu 1905. Lakini mfano ninaotaka tuusome kwa makini ni wa jirani: Addis Ababa, iliyofungua njia yake ya kwanza tarehe 20 Septemba 2015 na ya pili Novemba mwaka huohuo. Vituo 39, treni 41, gharama dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Miaka michache baadaye treni zilizokuwa zikitembea hazikufika hata nusu. Sababu zake nitazifikia, ila kwanza tuone kitu chenyewe kinavyojengwa, maana mambo yanayoiangusha tramu hayaonekani siku ya kukata utepe.

Neno "nyepesi" linawachanganya wengi. Reli ya tramu huweza kuwa na uzito wa kilo 60 kwa mita, sawa na ile ya treni za masafa. Uwepesi ni wa mzigo: ekseli moja ya tramu hubeba tani 10 hadi 12, wakati SGR ya Tanzania imesanifiwa kwa tani 35 kwa ekseli. Kwa sababu hiyo tramu huweza kupinda kona yenye nusu kipenyo cha mita 25, ikaingia mtaa wa maduka na kutoka upande wa pili, jambo ambalo treni kubwa haliwezi.

Inafaa wapi? Hesabu ni rahisi. Basi refu la mwendokasi, lile la mita 18 lenye kiungo katikati, hubeba watu kama 150. Likipita moja kila sekunde 90, ni mabasi 40 kwa saa, yaani watu 6,000 kwa upande mmoja. Tramu mbili za mita 30 zilizounganishwa hubeba watu 400. Zikipita kila dakika nne, ni safari 15 kwa saa, na watu ni walewale 6,000. Badala ya madereva 40 kupita kituoni kila saa, wanapita 15. Maoni yangu ni kwamba chini ya kiwango hicho basi linatosha, na mji unaoharakia reli unajitwika deni bure. Dalili ya kweli ya kuhitaji reli ni mabasi kupangana nyuma ya kituo yakisubiri nafasi ya kushusha, huku njia yao ni ya peke yao. Hapo kuongeza basi jingine ni kuongeza foleni.

Ukishaamua kujenga, kazi ya kwanza ni kuhamisha mabomba. Watu hudhani yanahamishwa kwa sababu yanagongana na msingi wa njia, ambao kwa kawaida huchukua kina cha sentimita 60 hadi mita moja. Hiyo ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni matengenezo ya baadaye. Bomba la maji likipasuka chini ya barabara, magari hupita pembeni ya shimo. Likipasuka chini ya reli, tramu haina pembeni: njia nzima inasimama mpaka fundi wa maji amalize, na yeye hawezi kuanza mpaka zege livunjwe. Kwa hiyo kila bomba la maji, kila la majitaka, kila waya wa umeme na kila mkongo wa mawasiliano unaokwenda sambamba na njia unatakiwa kutoka. Inayoikata njia huingizwa ndani ya bomba kubwa zaidi la kinga, ili iweze kuvutwa na kubadilishwa kutoka pembeni bila kugusa reli.

Tatizo ni ramani. Hakuna mji ambao ramani zake za chini ya ardhi zinasema kweli yote. Edinburgh walikuta vitu vingi kuliko vilivyochorwa, wakaingia kwenye migogoro na mkandarasi, na njia iliyotarajiwa mwaka 2011 ikafunguliwa 31 Mei 2014 ikiwa imekatwa fupi, kwa pauni milioni 776. Kipande kilichobaki hadi Newhaven kilikamilika mwaka 2023. Dawa yake ni mitaro ya majaribio: kata barabara upande hadi upande, kila baada ya mita chache kwenye mitaa ya zamani na hasa njiapanda, chimba kwa mkono hadi mita moja na nusu, pima na uchore kila unachokiona. Kazi hiyo ifanyike kabla mkataba wa ujenzi haujasainiwa. Ukisaini kwanza, kila bomba lisilojulikana linageuka kuwa madai ya fedha.

Kisha reli. Mitaani hutumika reli yenye mfereji: upande wa ndani wa kichwa cha reli kuna mfereji wa upana wa milimita 36 hivi, ambamo ukingo wa gurudumu hupita ili lami ijae mpaka usawa wa reli. Mfereji huo hukusanya mchanga, kokoto, vizibo vya chupa na maji, na tairi jembamba la baiskeli huingia humo likamwangusha mtu. Kila baada ya umbali fulani huwekwa sanduku la chuma la kutolea maji. Masanduku yasiposafishwa, maji hutuama, na hapo tunaingia kwenye adui mkubwa wa njia ya tramu.

Tramu nyingi hutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 750. Umeme unatoka kwenye kituo cha kugeuza mkondo, kilichopo kila kilomita moja na nusu au mbili, unapita waya wa juu, unaingia kwenye mota, kisha unarudi kituoni kupitia reli. Unatakiwa urudi kwa reli peke yake. Lakini reli imelala kwenye udongo, na sehemu ya umeme hutoroka, ikapita ardhini, ikaingia kwenye bomba la chuma lililo karibu na kusafiri nalo kama njia ya mkato. Madhara hayatokei pale unapoingia. Yanatokea pale unapotoka kwenye bomba kurudi kwenye reli: kila ampea moja inayotoka kwenye chuma kwa mwaka mzima huondoka na takriban kilo 9 za chuma hicho. Ikitoka kupitia tundu dogo la rangi iliyobanduka, haichukui kilo 9 kwa kulilamba bomba lote. Inatoboa. Bomba linalovuja miaka mitano baada ya tramu kuanza huenda likawa limetobolewa hivyo, na hakuna anayeihusisha reli na maji yaliyomwagika mtaa wa tatu.

Viwango vya Ulaya huruhusu wastani wa miliampea 2.5 za uvujaji kwa kila mita ya njia moja. Ili kubaki chini ya hapo, reli huvalishwa koti la mpira kuanzia chini hadi shingoni kabla zege halijamwagwa. Koti hili ndilo ninalotaka mkaguzi alisimamie kwa macho yake. Huchanwa na ncha za nondo. Huwekwa vibaya kwenye kona. Na zaidi ya yote, hukatwa kila penye kiungo, kwa sababu reli huchomelewa baada ya kuvalishwa.

Uchomeleaji wenyewe ni kazi ya kutazama. Ncha mbili za reli huachiwa nafasi ya milimita 25 hivi, zikazungushiwa kalibu la mchanga, zikapashwa moto mpaka ziwe nyekundu. Juu huwekwa chungu chenye unga wa alumini na oksaidi ya chuma. Ukiuwasha, chuma kilichoyeyuka hushuka chenyewe kujaza ile nafasi. Kikishaganda hukatwa ziada na kusagwa hadi uso wa reli uwe laini. Baada ya hapo, mpira uliokatwa kuachia kalibu unatakiwa kuzibwa kwa kipande kipya na gundi yake, juu ya chuma kikavu kisicho na mafuta. Ni dakika kumi na tano za kazi, na ndizo zinazorukwa jioni lori la zege likiwa limeshafika. Pima uzuiaji kati ya reli na ardhi kabla ya kumwaga, kisha upime tena baada ya zege kukauka. Kipimo cha kwanza kikiwa kibaya unarekebisha kwa kisu na gundi. Cha pili kikiwa kibaya unarekebisha kwa mashine ya kuvunjia zege. Miji ya pwani ina hatari zaidi, kwani udongo wenye chumvi na unyevu hupitisha umeme vizuri.

Jambo la taa za barabarani huonekana dogo, ila fuata hesabu. Njia ya kilomita 10, mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, vituo vimo humo: dakika 30 kwenda, 30 kurudi, na dakika 10 za kugeuza kila mwisho. Jumla 80. Ukitaka tramu kila dakika nne unahitaji tramu 20. Sasa weka njiapanda 20, na kila moja iisimamishe tramu sekunde 40. Umepoteza dakika 13 na ushei kila upande, mzunguko umefika dakika 106 na zaidi, na sasa unahitaji tramu 27. Umenunua tramu saba kwa ajili ya kusubiri taa nyekundu. Tramu ya mita 30 huvuka njiapanda ya mita 20 kwa sekunde 10 ikienda kilomita 18 kwa saa, hivyo kuipa kijani hakuwaumizi wenye magari kiasi wanachodhani. Kinachotakiwa ni kitambuzi kwenye njia, mbali kiasi cha sekunde 20 kabla ya taa, na kingine baada ya kuvuka ili kijani kifungwe mara moja. Kile cha pili kikiharibika, taa hubaki imeganda, magari yanapanga mstari, na hapo trafiki huzima mfumo wote kwa mkono na husikii tena kwamba umewashwa.

Kuhusu breki, neno moja. Kwenye kilomita 50 kwa saa tramu huhitaji mita 80 kusimama kwa breki ya kawaida, na mita 32 kwa breki ya dharura, ambapo sumaku zinazoning'inia juu ya reli hushuka na kuing'ang'ania huku mchanga ukimwagwa mbele ya magurudumu. Mchanga ukiwa na unyevu huziba mrija. Ukaguzi wake ni wa kila usiku.

Magurudumu yakiteleza wakati wa kufunga breki, sehemu moja ya duara husagika ikawa bapa. Utaisikia ikigonga reli kila mzunguko. Dawa ni mashine ya kukereza, inayopunguza milimita chache mpaka gurudumu liwe duara tena. Ukichelewesha, kugonga huko hupanda kwenye beringi, kwenye boji (fremu inayobeba magurudumu), hata kwenye reli. Ottawa, iliyofungua njia yake Septemba 2019, ilihangaika na magurudumu bapa majira ya baridi, na mwaka 2021 treni zake zikaacha reli mara mbili: Agosti ekseli ilikatika kufuatia beringi kupata moto, na Septemba boliti zilizotolewa wakati wa matengenezo zilikuwa hazikukazwa ipasavyo. Boliti tu, na huduma ikasimama kwa wiki kadhaa.

Hapo ndipo Addis ilipoumia. Nauli iliwekwa chini sana, birr 2 hadi 6, ikawa nafuu kubwa kwa wananchi, lakini haikutosha kuendesha mfumo. Vipuri vilitoka kwa mtengenezaji na vilidai fedha za kigeni, ambazo nchi ilikuwa na uhaba nazo. Treni moja ikikosa kipuri, ikawa inavuliwa vyake kuokoa nyingine, na treni iliyovuliwa ni shida kuirudisha barabarani.

Kwa hiyo mkataba wa kununua tramu ninausoma kuanzia nyuma, kwenye viambatisho. Natafuta orodha ya vipuri vya miaka mitano, kwa idadi na bei, vikifika pamoja na tramu ya kwanza. Natafuta michoro ya kila kipuri kinachochakaa, ili viatu vya breki na vipande vya kaboni vya pantografu, ule mkono wa juu ya tramu unaogusa waya wa umeme, viweze kutengenezwa au kununuliwa kwingine. Natafuta haki ya mafundi wa mji kufungua programu za mitambo bila kumsubiri mtu wa kiwandani. Natafuta akiba: penye tramu 20 njiani, zinunuliwe 23 au 24. Na natafuta mashine ya kukereza inayokaa chini ya sakafu, ambayo tramu hupanda juu yake bila kuvuliwa magurudumu. Shimo lake huchimbwa kabla ya sakafu ya karakana kumwagwa. Michoro ya karakana isipokuwa na shimo hilo, irudishwe kwa msanifu kabla ya kusainiwa.