Utu: maana yake katika zama za akili mnemba

Kiswahili kina shina dogo, -tu, na shina hilo hilo ndilo linalobeba mtu, kitu na utu. Livike m- upate wa kuheshimiwa, livike ki- upate cha kutumiwa, livike u- upate ile hali inayomzuia wa kwanza asigeuzwe wa pili. Ni vizuri kuanzia hapo, kwa sababu mijadala mingi kuhusu akili mnemba (wengine huiita akili bandia, na Kenya wamezoea akili unde) huanzia kwenye akili, na anayeanzia huko huzunguka asifike.

Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing alipendekeza kipimo: mtu aandikiane na wawili asiowaona, mmoja binadamu na mwingine mashine, na akishindwa kuwatofautisha, tukubali kwamba mashine inafikiri. Mwaka 1997 Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov. Mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, mchezaji mahiri wa Korea Kusini, katika mchezo wa ubao uitwao Go. Tangu Novemba 2022 programu ya ChatGPT inaandika barua, mashairi na majibu ya mitihani. Anayesema binadamu ni yule anayekokotoa, kukumbuka au kuandika vizuri ameuweka utu wake rehani, na kila toleo jipya la programu linakuja kuudai. Tena kwa kipimo hicho mtoto mchanga anafeli, mzee aliyepoteza kumbukumbu anafeli, mgonjwa asiyejitambua anafeli. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haikupita njia hiyo. Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, kisha kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Sharti la akili halimo.

Sasa tofautisha maneno mawili. Binadamu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mwana wa Adamu: hali hiyo hupatikana kwa kuzaliwa, basi. Utu una pande mbili. Upande mmoja ni thamani ambayo kila mtu anayo hata akiwa usingizini. Upande wa pili ni mwenendo, na huo mtu anaweza kuukosa. Aliyekula michango ya msiba uswahilini kwao ni binadamu kamili, akili anazo tele, na hizo ndizo alizotumia kupanga hesabu zisionekane. Bado majirani watasema hana utu. Wazungumzaji wa Kiswahili walitenganisha akili na utu zamani sana, kabla hakujawa na kompyuta ya kuwalazimisha.

Mashine nayo inafanyaje kazi? Programu ya lugha, kama ChatGPT, huvunja maandishi kuwa vipande, wakati mwingine neno zima, wakati mwingine silabi tu. Neno kama "hawajatuambia", ambalo kwetu ni moja, huweza kukatwa mara kadhaa. Kila kipande hupewa namba, kisha programu hukokotoa, kutokana na maandishi mengi mno iliyolishwa, kipande kipi kina uwezekano mkubwa wa kufuata. Inakichagua, inakiongeza, inakokotoa tena. Kwa kuwa sehemu kubwa ya ilicholishwa ni Kiingereza, miadi ya kliniki ya saa mbili asubuhi inaweza kutafsiriwa "two in the morning", ambayo kwetu ni saa nane usiku. Na ikiandika "pole sana kwa msiba", maneno hayo yamekuja kwa sababu ndiyo hufuata habari za kifo. Sentensi ni sahihi kabisa. Aliyeguswa hayupo.

Jaribu jambo dogo. Iandikie programu "Shikamoo". Mara nyingi itajibu "Marahaba". Kijana wa miaka 15 atajibiwa hivyo, na bibi wa miaka 80 akiandika kwa kujaribu atajibiwa hivyo hivyo. Shikamoo hupimwa kwa umri na nafasi ya mtu kati ya watu, na programu haijawahi kuwa mtoto wa yeyote. Mtoto akiitikia marahaba kwa bibi yake atafinywa palepale, ataona haya, na kesho hatarudia. Programu inaweza kuandika "samahani, nimekosea", lakini haya haioni. Hapo ndipo mpaka ulipo, kwa maoni yetu: mtu ni yule anayeweza kuumia, kuona haya, kudaiwa, kuomba radhi, na kufa. Uwajibikaji wote umesimama juu ya mambo hayo.

Hatari ni kwamba sisi hujazia pengo wenyewe. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyokuwa zaidi ikigeuza maneno ya mtumiaji kuwa maswali. Hata karani wake, aliyejua ni programu, alimwomba atoke chumbani ili aendelee kuzungumza nayo faraghani. Kwa hiyo usione ajabu ukisikia mtu akisema "ameniambia" badala ya "imeniambia". Upatanisho wa a- humpata hata mbuzi, na hautoi utu.

Dhana hii inakuwa na uzito pale uamuzi unapomgusa mtu. Mfikirie kondakta wa daladala ya Mbagala, na bibi aliyepungukiwa shilingi mia mbili. Kondakta anamtazama, anasema "Bibi, panda tu twende." Pengo hilo analibeba yeye, na jioni atalieleza kwenye hesabu. Sasa fikiria mkopo wa simu. Programu inasoma miamala, inatoa alama, na ombi linakataliwa ndani ya sekunde chache. Pengine alama ni sahihi. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa "kwa nini?", anayeweza kubadili uamuzi, na ambaye lawama zitamrudia akikosea. Wanaposema "mfumo umekataa", wanaficha jina la mtu aliyeuweka mfumo huo na kiwango chake.

Sheria imeliona hilo. Kampuni huhesabiwa kuwa mtu kisheria: inashtaki na kushtakiwa. Mashine haihesabiwi hivyo, na pendekezo la UNESCO la mwaka 2021 kuhusu maadili ya akili mnemba linasema wazi isipewe hadhi hiyo, dhamana ibaki kwa watu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kutaka uamuzi unaokugusa kwa uzito usitegemee uchakataji wa kiotomatiki peke yake.

Ukitaka kuitumia haki hiyo, kwanza piga picha ya skrini yenye ujumbe wa kukataliwa, tarehe na saa zionekane, kwa sababu ujumbe ndani ya programu huweza kufutika. Kisha andika kwa barua au baruapepe, usiishie kupiga simu. Taja uamuzi wenyewe, uliza ni taarifa zako zipi zilizotumika, na omba upitiwe upya na mtu, kwa jina na cheo. Wengi hukwama kwa kuandika malalamiko ya jumla ("mmenionea") ambayo hayadai jibu mahususi. Tunza nakala ya kila ulichotuma. Wakinyamaza, peleka nakala hizo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na jibu likija limesainiwa "Huduma kwa Wateja" tu, lirudishe, uulize nani aliyelisoma ombi lako.