Je, wajua jaribio la t lilizaliwa kwenye kiwanda cha bia?

Kila mwaka darasani tukifika kwenye jaribio la t, yaani hesabu ya kupima wastani wa data chache unaaminika kiasi gani, hakosi mwanafunzi wa biashara wa kunyoosha mkono na kuuliza: mbona wanaliita jaribio la Student? Wengi hudhani ni hesabu iliyorahisishwa kwa ajili ya wanafunzi. Sivyo. Student lilikuwa jina la kujificha la mtu mzima mwenye ajira yake, William Sealy Gosset, mtengenezaji wa bia katika kiwanda cha Guinness mjini Dublin, Ireland. Swali lililomsumbua lingeweza kuulizwa na meneja yeyote: nipime mara ngapi ndipo niamini ninachokiona?

Gosset alizaliwa mwaka 1876, akasoma kemia na hisabati Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa Guinness. Wakati huo kampuni ilikuwa ikichukua vijana wa sayansi, kwa sababu bia ya kiwango kile haiwezi kuongozwa kwa kuonja tu. Shayiri hulowekwa, ikachipua, ikakaushwa kuwa kimea. Kimea ndicho kinachotoa sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Sukari ikipungua, bia inakuwa dhaifu; ikizidi, gharama inapanda na ushuru nao unapanda. Kwa hiyo kiasi cha sukari katika kimea kilikuwa suala la fedha.

Shida ni kwamba ukipima kimea kilekile mara mbili, hupati jibu lilelile. Ukipima mara mia, wastani utatulia, lakini kila kipimo kinakula muda wa fundi na vifaa vya maabara. Gosset akalitazama jambo hili katika ripoti ya ndani ya mwaka 1904. Alitaka kujua: nikichukua wastani wa vipimo vichache, kuna uwezekano gani kwamba sijakosea kwa zaidi ya nusu digrii (digrii hapa ni kipimo cha sukari)? Kwa vipimo 2, alikuta uwezekano ni 4 kwa 1, yaani katika kila mara tano utapatia nne na kukosea moja. Kwa vipimo 3 ni 7 kwa 1. Vinne, 12 kwa 1. Vitano, 19 kwa 1. Kiwanda kiliridhika na 10 kwa 1, basi vipimo vinne vinatosha. Mimi naupenda sana ukurasa huu wa historia, kwa sababu unaonyesha uwezekano ukifanya kazi yake halisi: kumwambia mtu aache kupima lini.

Lakini Gosset aliona ufa. Hesabu za wakati ule zilijengwa juu ya sampuli kubwa, za mamia ya watu au mimea. Ukiwa na namba nyingi hivyo, unaujua vizuri wastani na unaujua vizuri mtawanyiko pia, yaani namba zako huwa mbali kiasi gani na wastani wake. Ukiwa na namba nne tu, mtawanyiko wenyewe unaukisia. Namba nne zinaweza kukaa karibukaribu kwa bahati tu, ukadhani mambo yako ni thabiti kumbe hujaona kitu. Una mashaka mawili, na kanuni za zamani zilihesabu moja.

Kati ya mwaka 1906 na 1907 kampuni ikampa nafasi ya kwenda London kusoma kwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa zama hizo. Huko akafanya jambo ambalo hata leo ungeweza kulifanya mezani kwako. Alichukua vipimo vya wahalifu 3,000 vilivyokuwa vimekusanywa Uingereza, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Vipimo hivyo viliandikwa kwenye kadi 3,000, kadi moja kwa mtu mmoja. Kadi zikachanganywa vizuri, zikachomolewa moja moja na kuandikwa daftarini kwa mpangilio zilivyotoka. Kisha kila nne zilizofuatana akazifanya sampuli moja. Akapata sampuli 750. Kwa kuwa wastani wa wote 3,000 ulijulikana, aliweza kuona kila sampuli ya watu wanne imekosea kwa kiasi gani, na kuulinganisha mkunjo alioupata kwa kalamu, yaani mchoro wa makosa ya kila ukubwa hutokea mara ngapi, na ule uliotoka kwenye kadi. Kompyuta haikuwepo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1908 katika jarida la Biometrika, yakiwa na jedwali la sampuli za kuanzia 4 hadi 10. Guinness ilichunga siri zake na haikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, ndiyo maana chini ya kichwa pakaandikwa Student. Herufi t ilikuja baadaye, Ronald Fisher alipoiweka hesabu hiyo katika sura tunayoitumia sasa.

Sasa tuilete dukani. Tuseme mama anauza maziwa na ameandika mauzo ya siku nne: lita 38, 44, 41 na 49. Jumla ni 172, wastani ni lita 43. Tofauti na wastani ni −5, 1, −2 na 6. Zizidishe kila moja kwa yenyewe, ujumlishe, unapata 66. Gawanya kwa 3, yaani idadi ya siku ukitoa moja, upate 22, na kipeuo chake cha pili ni takriban 4.7. Huo ndio mtawanyiko. Ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 4, ambacho ni 2, upate takriban 2.35. Hiyo ndiyo kadiri wastani wenyewe unavyoyumba.

Kanuni ya sampuli kubwa ingekuambia uzidishe kwa 1.96 na kusema: kwa uhakika wa asilimia 95, wastani wa kweli uko kati ya lita 38.4 na 47.6. Jedwali la t linakataa. Kwa namba nne linakudai uzidishe kwa 3.18, na nafasi inapanuka: kutoka lita 35.5 hadi 50.5. Huo upana wa ziada, kutoka lita 4.6 hadi 7.5 kila upande wa wastani, ndiyo bei ya uchache wa data. Mwanafunzi anayeandika 1.96 kwa siku nne anamdanganya mama wa maziwa bila kukusudia, na mimi kosa hilo huwa silipitishi.

Hapo pana mtego mwingine, na nimeuona ukiwanasa hata wanaofanya vizuri mtihani. Nafasi hiyo inahusu wastani wa mauzo. Mauzo ya kesho ni jambo lingine, yanaweza kutoka nje kabisa ya 35.5 na 50.5. Tena hesabu yote inasimama tu ikiwa siku hizo nne zinafanana na siku zijazo. Kama zote zilikuwa za mwezi wa Ramadhani, au mojawapo ilikuwa siku ya gulio, hakuna jedwali litakalozirekebisha.

Je, mama aendelee kuandika? Akifikisha siku 8 na mtawanyiko ukibaki uleule, wastani wake utajulikana kwa lita 3.9 kila upande badala ya 7.5. Siku nne za ziada zimepunguza shaka karibu nusu. Akifikisha siku 30 ni takriban lita 1.8. Yaani siku 22 zilizofuata zimempa nyongeza ya lita mbili na kidogo. Kama lita mbili zikichacha ni hasara inayouma, aandike mwezi mzima. Kama anazigandisha na kuziuza mtindi kesho yake, siku 8 zinamtosha.