Reli ya Mau na Rangi za Majani: Dhana Potofu na Ukweli

Kila ifikapo Septemba na Oktoba, simu za wengi wetu hapa Nakuru hujaa picha za garimoshi la zamani likipanda mlima huko Marekani au Uswisi, likipita katikati ya misitu iliyogeuka manjano na nyekundu. Picha hizo zinastahili kupendwa. Hata hivyo, zimezaa dhana kadhaa zisizo sahihi kuhusu majani yenyewe, kuhusu reli za milimani na, jambo linaloniuma zaidi, kuhusu reli yetu inayotoka hapa na kuvuka milima ya Mau hadi Kisumu.

Wengi husema kwamba baridi kali ndiyo inayoyapaka majani rangi. Ukweli ni kwamba kinachoanzisha mabadiliko hayo hasa ni kufupika kwa mchana. Saa za mwanga zinapopungua, mti wa mepli huacha kutengeneza klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya jani, kijani kikafifia, na manjano iliyokuwa imefichwa ndani ya jani siku zote ikaonekana. Nyekundu ni tofauti, kwa kuwa hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea zaidi pale mchana wa jua unapofuatwa na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha. Jalidi kali ikiwahi kuanguka, majani hufa na kuwa ya kahawia kabla ya kupendeza, kwa hiyo baridi hiyo inayosifiwa ndiyo inayoweza kuharibu msimu. Ndiyo maana pia hakuna tarehe moja ya kilele cha rangi: katika milima ya jimbo la New Hampshire, Marekani, kwa kawaida huwa kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, ikianzia juu na kushuka mabondeni, na kila mwaka hutofautiana kidogo na uliotangulia.

Dhana nyingine ni kwamba reli ya kweli ya mlimani lazima iwe na meno, yaani chuma chenye meno katikati ya njia ambacho gurudumu la meno la garimoshi hukishika lisiteleze. Reli ya Mount Washington, huko New Hampshire, iliyofunguliwa mwaka 1869, ndiyo iliyotangulia duniani kupanda mlima kwa njia hiyo, na mwinuko wake hufika asilimia 37, kiasi ambacho magurudumu ya kawaida yangeteleza. Lakini reli ya Darjeeling nchini India, iliyokamilika mwaka 1881, hupanda bila meno hata kidogo, kwa kujipinda na kurudi nyuma, hadi stesheni ya Ghum iliyo mita 2,258 juu ya usawa wa bahari. Wageni husafiri kutoka mbali kwenda kuipanda. Reli yetu nayo hutoka Nakuru, kwenye takriban mita 1,850, ikapita Njoro, Elburgon na Molo, ikavuka Mau Summit kwenye zaidi ya mita 2,500, kisha ikateremka kupitia Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru na Muhoroni hadi ziwani, kwenye takriban mita 1,130. Hayo yote hufanyika ndani ya kilomita 217. Anayeiita reli ya kawaida ya tambarare hajaitazama ramani.

Hudhaniwa pia kwamba kila chuma kilichojengea njia hiyo kilitoka Uingereza. Mabonde ya Mau yalihitaji madaraja marefu ya chuma, na kazi ya kujenga 27 kati yake ilipewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa ajili ya reli nzima, na takriban 2,500 walifariki. Wala njia haikupita katika nchi isiyo na wenyewe: Wanandi waliipinga kwa miaka mingi, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905. Sidhani ni haki kusifia mandhari ya reli hii bila kuwataja watu hao.

Kuhusu madai kwamba Reli ya Uganda, kama njia hii ilivyoitwa ilipojengwa, haikufika Uganda, jibu ni fupi. Ilipofika Kisumu Desemba 1901, Kisumu ilikuwa ndani ya Himaya ya Uganda, eneo lililokuwa chini ya Uingereza. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902, na Kisumu ikawa upande wa Kenya ya leo.

Je, ni kweli kwamba kwetu hakuna majani yanayogeuka rangi? Karibu na ikweta, urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, kwa hiyo msitu hauna ishara moja ya kuuamuru wote upukutike kwa pamoja. Lakini uangalie mti ambao Wakalenjin huuita tebeswet na Waluhya musutsu: majani yake makuukuu hugeuka rangi ya chungwa iliyokolea kabla ya kuanguka, machache machache, huku mengine yakibaki kijani kwenye tawi lilelile. Kibobakasi, mti uitwao pia Nandi flame, huwaka maua mekundu, nayo mijakaranda ya Nakuru, iliyotoka Amerika Kusini, huchanua zambarau takriban wakati uleule picha zile za Marekani zinapotufikia.

Imebaki dhana inayowagharimu watu pesa, kwamba kukata tiketi ya treni ya Kisumu kunatosha kuiona Mau. Huduma ya abiria iliyorejea Desemba 2021 ilipangwa kuondoka Nairobi jioni na kufika Kisumu asubuhi, na kwa mpango huo sehemu ya milimani hupitwa gizani. Anayetaka kuyaona mabonde, miti na madaraja hayo aende mchana kwa gari kupitia barabara ya Londiani, Fort Ternan na Muhoroni, ambayo hufuata upande huohuo wa mteremko. Asithubutu kutembea juu ya madaraja yenyewe, kwa sababu treni za mizigo bado huitumia njia hiyo.