Lishe kabla ya kuzaliwa na chimbuko la maradhi ya utu uzima

Dhana ya chimbuko la maradhi tumboni mwa mama inaeleza kwamba lishe anayoipata mtoto kabla ya kuzaliwa huathiri kwa kudumu namna viungo vyake vinavyoundwa, na kwamba athari hiyo yaweza kuongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari cha aina ya pili miongo kadhaa baadaye. Lishe hiyo si chakula anachokula mama wakati wa ujauzito pekee, kwani hutegemea pia akiba ya mwili wake tangu kabla ya mimba na uwezo wa kondo la nyuma kuvipitisha virutubisho.

Aliyeieneza dhana hii ni David Barker, mtafiti wa Uingereza. Mwaka 1986 yeye na Clive Osmond walionyesha kuwa sehemu za Uingereza na Wales zilizokuwa na vifo vingi vya watoto wachanga mwanzoni mwa karne ya 20 ndizo zilizokuja kuwa na vifo vingi vya ugonjwa wa moyo. Ushahidi wa karibu zaidi ulitoka Hertfordshire, jimbo la Uingereza, ambako tangu mwaka 1911 uzito wa watoto ulikuwa ukiandikwa daftarini walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja. Wanaume waliokuwa wepesi zaidi katika vipimo hivyo ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo.

Figo huonyesha vizuri jinsi jambo hili linavyotokea. Nefroni, yaani vichujio vidogo vya damu, huundwa hadi karibu na wiki ya 36 ya mimba, na baada ya hapo haziongezeki tena maishani. Mtoto aliyepungukiwa lishe huelekea kuzaliwa akiwa na nefroni chache. Kila moja hulazimika kufanya kazi kubwa kuliko kawaida, huchakaa mapema, na shinikizo la damu hupanda. Kongosho nalo laweza kubaki na uwezo mdogo wa kutoa insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu.

Njaa iliyoikumba Uholanzi magharibi katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, ambapo posho rasmi ilishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, iliwapa watafiti nafasi ya nadra, kwa sababu mwanzo na mwisho wake vinajulikana. Waliokuwa tumboni katika miezi ya mwanzo ya mimba mara nyingi walizaliwa na uzito wa kawaida, ila ukubwani ugonjwa wa moyo ulionekana zaidi miongoni mwao. Kwa maoni yangu hilo ndilo funzo kubwa zaidi la Uholanzi, maana linaonyesha kuwa mizani ya chumba cha kujifungulia haioni kila kitu. Mwaka 2008 iligunduliwa pia kwamba watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa hiyo bado walikuwa na tofauti za kikemikali kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, takriban miaka 60 baadaye.

Hata hivyo, watu waliokuwa tumboni wakati wa kuzingirwa kwa Leningrad, mji wa Urusi uliokatiwa chakula na majeshi ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, hawakuonekana kuwa na tatizo kubwa zaidi la sukari kuliko wenzao. Maelezo yanayopendelewa ni kwamba mwili uliojiandaa kwa uhaba huumia hasa unapokutana na shibe, na Leningrad chakula kiliendelea kuwa haba baada ya kuzaliwa kwao. Shibe ya tumboni nayo ina hatari yake: sukari ya mama isiyodhibitiwa humwongezea mtoto uwezekano wa unene na kisukari.

Yote haya ni uwezekano unaopimwa katika makundi ya watu, wala si hukumu kwa mtu mmoja. Uvutaji wa sigara, unene na kutofanya mazoezi bado vina uzito mkubwa. Wakosoaji pia walisema kwa haki kwamba ufukara unaomnyima mama chakula humfuata mtoto hadi ukubwani, hivyo huenda nao unachangia maradhi hayo. Kumlaumu mama hakuna msingi, hasa kwa kuwa viungo vingi huanza kuundwa kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana watafiti wa uwanja huu husisitiza lishe ya wasichana miaka mingi kabla ya mimba ya kwanza.