Operesheni ya kupunguza uzito: kutapika na maumivu si "tumbo linajizoesha"

Watu wa Unguja na Pemba wanaofanyiwa operesheni ya kupunguza uzito huvuka bahari, wengi Dar es Salaam, wengine mpaka India. Hurudi na vidonda vidogo vidogo tumboni na bahasha ya karatasi za hospitali ambayo mara nyingi haifunguliwi tena. Operesheni yenyewe kwa walio wengi huenda salama. Kinachotuumiza sisi wauguzi ni yanayofanyika nyumbani baada ya kurudi, na hasa kungoja. Haya ni maswali tunayoulizwa kila mara, pamoja na mengine ambayo laiti watu wangetuuliza mapema.

Operesheni hii inafanya nini hasa?

Zipo namna mbili zinazofanywa zaidi. Ya kwanza, daktari hukata mfuko wa chakula kwa urefu, akaondoa kama robo tatu yake au zaidi kidogo, ukabaki mrija mwembamba. Kilichokatwa kimetoka, hakirudi. Ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, kikaunganishwa na utumbo mwembamba ili chakula kipite njia ya mkato. Zote mbili kwa kawaida hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Kazi huchukua saa moja mpaka tatu hivi, na mgonjwa hulala hospitali siku chache.

Puto, ambalo wengi mmelisikia kwa kuwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanaliweka, si operesheni. Linaingizwa kwa mdomo mpaka ndani ya mfuko wa chakula, na mara nyingi hukaa miezi sita kisha hutolewa. Mengi ya aina hiyo hujazwa maji yenye rangi ya buluu. Kwa hiyo ukiona mkojo umegeuka buluu au kijani, puto limepasuka: hospitali siku hiyo hiyo.

Nani anafaa kufanyiwa?

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tangu mwaka 1991 kiwango kilichofuatwa kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama sukari au presha. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha kikawa 35 hata bila ya maradhi, na mwenye sukari anaweza kufikiriwa kuanzia 30. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 hufika 35 akiwa na kilo 90 hivi. Anayetaka kupunguza kilo tano apate kuvaa gauni la harusi ya mdogo wake, hapa si pake.

Maandalizi yakoje?

Utapimwa damu, sukari, moyo, ini, na mara nyingi utaingizwa kamera kuangaliwa kama una vidonda vya tumbo. Kisha utapewa chakula maalumu, kwa kawaida kwa wiki mbili, chenye protini na wanga mchache sana. Wiki hizi zina kazi yake. Ini la mtu mnene huwa limejaa mafuta na limelala juu ya mfuko wa chakula. Lisiponywea, daktari hapati njia ya kupita. Sasa wenzetu wanafanya nini katika wiki hizo? Wanaalikana kuagana na biriani, pilau na halua. Nakuombeni, muache. Wapo wanaofunguliwa na kufungwa bila ya kukatwa kwa sababu ini limewazuia.

Sigara, shisha na tambuu ya tumbaku ziachwe wiki kadhaa kabla, kwani huchelewesha mshono kupona. Taja kila dawa unayotumia, pamoja na za miti shamba na vidonge vya uzazi wa mpango, maana baadhi huongeza damu kutoka na vingine huongeza damu kuganda. Na siku yenyewe ukiwa umekula, sema. Usiseme "kachai tu" na huku umemaliza na maandazi mawili. Aliyelala kwa nusu kaputi akitapika, matapishi huingia mapafuni.

Baada ya operesheni, maumivu ya kiasi gani ni ya kawaida?

Vidonda vitauma, na bega pia huweza kuuma siku moja mbili kwa sababu ya hewa iliyojazwa tumboni wakati wa kazi. Kichefuchefu kidogo kipo. Angalia mwendo wake: kila siku iwe nafuu kuliko ya jana. Maumivu yaliyopungua kisha yakarudi, au yanayozidi, si ya kawaida.

Utasimamishwa utembee siku ile ile au ya pili yake. Ukirudi nyumbani endelea kutembea. Familia nyingi humlaza mgonjwa kitandani kama mzazi aliye katika arubaini, wakidhani wanamsaidia, kumbe damu huganda miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikakatika ghafla, ni hospitali.

Ni siku ya saba, tumbo linauma na moyo unakwenda mbio. Si tumbo linajizoesha?

Hapana. Hilo "tumbo linajizoesha" ndilo neno ninalolisikia kuliko yote, na ndilo ninalotaka life. Mshono wa ndani unaweza kuvuja, na uvujaji mwingi hutokea ndani ya wiki za mwanzo, mtu akiwa keshatoka hospitali na keshapokea wageni. Majimaji ya mfuko wa chakula yakimwagika ndani ya tumbo, sumu huenea mwilini kwa muda wa saa, si siku.

Dalili ya mwanzo mara nyingi ni mapigo ya moyo. Kaa utulie, shika kifundo cha mkono, hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Yakipita 100 nawe umetulia, na kuna maumivu au homa au unahema, ondoka nyumbani. Yakifika 120, ondoka hata kama huna jengine lolote. Usisubiri homa ndiyo uamini, kwani wengine huvuja bila ya homa. Usisubiri tumbo livimbe.

Mama mkwe anasema ni chango, aitwe mkandaji.

Hapana. Tumbo lililokatwa ndani halikandwi. Si kwa mafuta ya nazi, si kwa habasoda, si kidogo, si polepole. Tumepokea watu waliokandwa siku mbili mfululizo na kunyweshwa dawa za mizizi, wakati kilichohitajika ni chumba cha operesheni. Kama kuna anayesema ni jicho na anataka kisomo, sina ugomvi naye: dua isomwe ndani ya gari, gari likiwa linakwenda hospitali.

Basi tungoje asubuhi?

Hapana.

Aliyenikata yuko Dar. Nisingoje boti ya kesho nimfuate?

Hapana, usingoje. Nenda hospitali iliyo karibu nawe sasa hivi. Ukiwa Pemba ni Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani. Ukiwa mjini Unguja, Mnazi Mmoja au Lumumba. Utawekewa dripu, utaanzishiwa antibiotiki, utapimwa, na daktari wa hapo azungumze kwa simu na aliyekukata. Usafiri ukihitajika utapangwa ukiwa mikononi mwa watu wa hospitali. Saa kumi na mbili za kungoja boti kitandani kwako ndizo saa zinazoua.

Na kwa wanaojitayarisha sasa: msikimbilie kurudi kisiwani siku ya tatu kwa sababu ya gharama ya hoteli au hamu ya nyumbani. Kaeni karibu na hospitali iliyokukateni mpaka muonwe kliniki ya mwanzo, na mkiweza wiki mbili.

Natapika kila ninachokula ila sina maumivu, na kilo zinashuka. Si ndio nilichokitaka?

Hapana, hapana. Operesheni inapunguza uzito kwa kukushibisha haraka, si kwa kukutapisha. Huenda njia imeziba au imekuwa nyembamba. Na akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, mtu huanza kuona vitu viwili viwili, huyumba akitembea, miguu hufa ganzi, maneno humchanganyikia. Akicheleweshwa, mengine hayaponi tena. Nimewaona wanaosifiwa mtaani kwa kupungua na huku hawawezi kupanda ngazi.

Ukishindwa kubakiza hata maji kwa siku moja, nenda. Tena usimwite kijana mwenye begi aje akutundikie "dripu ya nguvu" sebuleni. Dripu ya sukari bila ya kutanguliza B1 inaweza kumzidishia mtu wa namna hii madhara ya ubongo. Hospitali wakijua umefanyiwa nini, B1 itatangulia.

Sitaki watu wajue kama nimekatwa. Lazima niseme?

Jirani si lazima. Wifi si lazima. Muuguzi na daktari ni lazima. Anakuja mtu anasema ana gesi, ana vidonda vya tumbo, anaficha matundu kwa kanga, nasi tunapoteza saa tukitafuta kisichokuwepo. Nami naelewa aibu inatoka wapi, maana hapa kwetu mnene huambiwa amenawiri na aliyepungua huulizwa anaumwa nini. Lakini aibu hiyo isikufuate mpaka kitanda cha hospitali. Na ukificha utachomwa sindano ya diklofenaki, ambayo pamoja na ibuprofeni na aspirini huweza kuleta vidonda vinavyotoboa, zaidi kwa aliyefanyiwa njia ya mkato. Kwa maumivu madogo tumia paracetamol, na usijinunulie nyengine dukani.

Nitakula nini?

Wiki mbili za mwanzo ni vya maji tu: supu ya kuku au samaki iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi usio na sukari. Kisha vilivyopondwa, kisha laini kama yai na samaki wa kuchemsha, na baada ya wiki sita mpaka nane vyakula vya kawaida kwa vipande vidogo. Protini kwanza, lengo lake gramu 60 kwa siku au zaidi. Samaki tunaye, hakuna udhuru. Tafuna sana. Maji ni funda kwa funda mchana kutwa, lita moja na nusu, na usinywe pamoja na chakula; acha nusu saa. Urojo na soda wiki ya pili ni kujitafutia balaa. Halua na sharubati kwa aliyefanyiwa njia ya mkato huleta jasho, kizunguzungu na tumbo kukata muda mfupi baada ya kula, kisha hupita. Ila ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza usijihukumie mwenyewe kuwa ni halua. Njoo.

Vitamini nimeze mpaka lini?

Maisha yako yote. Mchanganyiko wa vitamini, chuma, kalsiamu, vitamini D na B12, kwa vipimo utakavyopangiwa, na damu ipimwe angalau kila mwaka. Nywele hukatika kuanzia mwezi wa tatu hivi na kwa wengi huota tena.

Na dawa zangu za sukari na presha?

Sukari inaweza kushuka tangu siku za mwanzo, hata kabla ya uzito. Kipimo cha dawa hupunguzwa na daktari, si na wewe. Anayeendelea na insulini ya zamani anaweza kuanguka, na anayeacha zote kwa furaha anaweza kurudi na sukari ya juu.

Ramadhani?

Miezi ya mwanzo, usifunge. Lita moja na nusu kwa funda ndogo haiingii kati ya futari na daku. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na siku zinalipwa. Wakati wa kuanza tena uliza daktari wako. Wengi hutaka upite mwaka.

Mimba?

Subiri miezi 12 mpaka 18. Na jueni kwamba uzito ukishuka hedhi hutengemaa na mimba huingia kwa urahisi, hata kwa aliyekaa miaka bila ya kushika. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vizuri baada ya njia ya mkato, kwa hiyo zungumzia sindano, kijiti au kitanzi kabla hujasafiri.

Nikifika hospitali usiku, niseme nini?

Sema hapo hapo mapokezi, kabla ya kukaa: "Nimefanyiwa operesheni ya kupunguza uzito, tarehe fulani, hospitali fulani, nimekatwa mfuko wa chakula," au "nimefanyiwa njia ya mkato." Toa bahasha yako na namba ya simu ya waliokukata. Kama huwezi kusema, aliyekuleta aseme, kwa hivyo mtu mmoja nyumbani awe anajua tangu mwanzo na ajue bahasha inakaa wapi.