Kwa nini Omaha ipigwe kabla ya New York? Jinsi mji unavyogeuka shabaha ya nyuklia

Katika hadithi nyingi za vita vya nyuklia, New York ndiyo huanza kuteketea. Mtunzi anatafuta majengo ambayo kila mtu anayajua. Mpangaji wa vita, hata wa kubuni, angeanza na Omaha, Nebraska, kwa sababu jirani yake ni kambi ya Offutt, makao makuu ya kamandi inayosimamia silaha za nyuklia za Marekani.

Great Falls, Montana, nao ni mji mdogo tu. Lakini una kambi ya Malmstrom, na katika nyanda zinazouzunguka makombora yamefukiwa kwenye mashimo ya zege. Kuvunja shimo la namna hiyo kunahitaji mlipuko wa karibu na ardhi, na mlipuko huo hurusha udongo wenye mionzi. Upepo huubeba mbali, hata kwenye miji ambayo haimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Watunzi wengi husahau jambo hili, nami naliona ndilo la kutisha zaidi.

Omaha na Great Falls ni kundi la kwanza: miji iliyo jirani na silaha za nyuklia au makao yanayoziongoza. Kundi la pili ni miji inayolengwa kwa ajili ya viwanda, bandari, reli na serikali yake. Hapa historia inatupa mfano halisi. Mwaka 1945 kamati ya Marekani iliyochagua shabaha za bomu la atomiki nchini Japani iliiweka Kyoto kwenye orodha. Waziri wa Vita, Henry Stimson, akaiondoa. Tarehe 9 Agosti ndege iliyobeba bomu ilikwenda Kokura, penye kiwanda cha silaha, ikakuta mji umefunikwa na mawingu na moshi. Ikageukia Nagasaki.

Je, Nairobi? Mara nyingi tunaulizwa kama ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri zinatuweka hatarini. Kwa maoni yangu, hapana. Ofisi hizo hazirushi kombora wala haziongozi jeshi la kujibu shambulio. Isitoshe, Mkataba wa Pelindaba, unaotumika tangu mwaka 2009, umeifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia.

Hiyo haimaanishi tungelala usingizi miji ya mbali ikipigwa, kwa sababu tunategemea bidhaa za nje. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, kwa hiyo petroli yetu huja ikiwa tayari imesafishwa ng'ambo. Ngano nayo, sehemu kubwa tunainunua nje, ikiwemo Urusi. Tazama Novorossiysk kwenye Bahari Nyeusi: kuna kambi ya wanamaji, na papo hapo kuna bandari kubwa ya kusafirisha nafaka. Mpangaji wetu wa kubuni angeulenga mji huo kwa sababu ya manowari. Mwaka 2022 vita vya Ukraine, bila bomu lolote la nyuklia, vilitosha kupandisha bei ya unga wa chapati Nairobi.