Oili kwenye boksi la hewa: kabla hujanunua ringi

Mwezi wa saba, wiki ile ambayo Nairobi jua halionekani mpaka saa nane mchana, mwalimu mmoja mstaafu aliisukuma Honda yake ya 125 hadi mlangoni pangu. Hakuja kutengenezewa. Alikuja kuuliza kama bei aliyopewa kwingine ilikuwa ya haki: kuchonga silinda, pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya awali), ringi zinazoizunguka pistoni kuziba nafasi kati yake na silinda, na gasketi zote za juu.

"Fundi, wameniambia injini imekwisha. Wamenionyesha oili imejaa hadi kwenye eaklina."

Oili kweli ilikuwepo. Nilipofungua kifuniko cha pembeni cha boksi la hewa, ndiyo hiyo eaklina, filta ya sponji ilikuwa imelowa nusu ya chini, na ndani ya boksi kulikuwa na kidimbwi cheusi cha kuzamisha ukucha. Ukiona hivyo ni rahisi kuamini kwamba mambo yameharibika. Lakini oili iliyo pale inakwambia kitu kimoja tu: imepita kwenye mpira wa kupumulia. Aliyeisukuma bado hujamjua.

Mpira huo, ambao mafundi wengi tunauita brida, unatoka kwenye injini na kuingia kwenye boksi la hewa. Pistoni ikishuka, hewa iliyo chini yake inasukumwa, ikipanda, inavutwa. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kila sekunde. Juu ya hapo kuna gesi kidogo inayopenya kando ya ringi hata zikiwa mpya kabisa. Pumzi yote hiyo inataka mlango, na waundaji waliuelekeza kwenye boksi la hewa ili mvuke ukachomwe pamoja na petroli badala ya kumwagwa barabarani. Kwa hiyo utando mwembamba wa oili ndani ya boksi la pikipiki ya miaka mingi si habari. Ndiyo maana pikipiki nyingi zina kimpira kifupi kinachoning'inia chini ya boksi, kimezibwa mwishoni, cha kukusanya oili na maji. Wenye pikipiki wengi hawajawahi kukiona. Kisipomwagwa miaka mitano, boksi litafurika tu, na hapo hakuna ugonjwa wowote.

Kuna waliowahi kuniletea pikipiki ambayo brida imezibwa kwa bolti, eti kukomesha oili. Injini haikubali kuzibwa pumzi. Ikikosa mlango inatoboa wake, na mara nyingi ni kwenye sili iliyo nyuma ya sproketi ya mbele. Unaanza na boksi chafu, unaishia na oili kwenye cheni na tairi.

Mimi huanza na kijiti cha oili, na kabla ya kukisoma nakinusa. Mwalimu alicheka aliponiona. Nilikuwa natafuta petroli. Sindano ya floti kwenye kabureta, ile inayokata petroli ikishatosha, ikichakaa, au ikishikwa na uchafu, petroli haizuiliki. Koki ya tangi ikiachwa wazi usiku, inaweza kutiririka hadi ndani ya silinda, ikapenya ringi na kuishia kwenye oili. Asubuhi oili imepanda bila mtu kuongeza hata tone, imekuwa nyepesi, na ukiwasha inarushwa nje kupitia brida. Ukikuta harufu hiyo usiwashe injini, kwa sababu oili ya namna hiyo haiwezi kulinda beringi. Tengeneza sindano kwanza, ndipo ubadilishe oili. Ukianza na oili utaimwaga tena kesho, na oili si bei ya mchezo.

Kijiti cha mwalimu hakikunuka petroli. Ila kilikuwa kimelowa kupita sana alama ya juu.

"Mwalimu, huwa unaongeza oili mara ngapi?"

"Kila Jumamosi. Huwa imepungua."

"Hebu nionyeshe unavyopima."

Akaiegemeza pikipiki kwenye stendi ya pembeni, akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakitoa tena. Kikavu. "Unaona?" akaniambia, na uso wake wote ulikuwa wa mtu aliyethibitisha hoja.

Stendi ya pembeni iko kushoto. Kijiti, kwenye Honda hiyo, kiko kulia. Pikipiki ikilalia kushoto oili yote inahamia huko, na kijiti kinaapa kuwa injini ina kiu. Kumbe mwalimu alikuwa akiinywesha kila wiki injini iliyoshiba. Pikipiki inayoweka oili yake chini ya injini hupimwa ikiwa imesimama wima, dakika tatu hivi baada ya kuzima, ili oili iliyoko juu ishuke. Tena kwenye Honda nyingi za namna ile kijiti hakifungwi wakati wa kupima. Unakikalisha tu juu ya nyuzi za skrubu. (Zile za zamani zenye tangi la oili ndani ya fremu zina sheria zake. Hizo hupimwa baada ya injini kuzunguka, kwa sababu zikilala usiku oili inaweza kuteremka kwenye injini, na ukipima asubuhi utadhani tangi limebaki tupu.)

Oili ikizidi, krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inaifikia na kuipiga kama mayai ya omleti. Inakuwa povu na mvuke mzito, na pumzi ya injini inaibeba moja kwa moja hadi kwenye boksi. Nilimwaga ya mwalimu kwenye jagi la kupimia. Injini inayotaka kama lita moja ilitoa karibu lita moja na nusu.

"Lakini walipima kompresheni, ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda," akasema, akatoa karatasi mfukoni. "Iko chini ya kitabu."

Walipima sawasawa. Walikosea kusoma. Namba za kitabu cha kiwanda kwa kawaida ni za injini inayovuta hewa ya usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na geji itasoma pungufu kwa karibu asilimia 18 hata injini ikiwa imetoka kiwandani jana. Kitabu kikisema psi 170, mimi hapa nikipata 140 naendelea na chai yangu. Ipeleke pikipiki hiyohiyo Mombasa, itapona njiani.

Nilipima upya mbele yake: injini ikiwa moto, plagi nje, mkono wa gesi umezungushwa wote, kiki mpaka mshale usimame. Kisha kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, na kiki tena. Mshale ulipanda kidogo tu, kama unavyopanda kwa injini yoyote. Ungeruka sana, ningeanza kuzungumzia ringi na silinda. Ungekuwa chini tangu mwanzo na ukabaki palepale, ningeangalia vali au gasketi ya hedi.

Kilichobaki ni moshi, na hapa ndipo wengi huponzwa. Honda ilikuwa ikitoa moshi wa bluu, hilo sikatai. Lakini injini inayokunywa oili kupitia boksi la hewa hutoa moshi uleule wa ringi zilizokwisha, kwa kuwa oili inayoungua ni ileile. Huwezi kuhukumu moshi kabla hujakausha boksi.

Nikaosha boksi na sponji, nikatia oili mpya kwa kipimo. Brida nikaichomoa kwenye boksi, tundu lake nikaliziba, na mpira nikauingiza kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita niliyoifunga kwenye fremu, kifuniko kikiwa na kitundu cha kutolea hewa. Hii ni ya kupimia tu. Ukiiacha hivyo mwaka mzima, injini itavuta vumbi la barabara. Nikamwambia aende zake wiki moja, asiongeze chochote, kisha aniletee chupa. Ingerudi na oili nyingi nyeusi, isiyo na maji, ningeiweka pistoni juu kabisa vali zikiwa zimefungwa, nisukume hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, na kusikiliza kwenye brida. Upepo ukivuma pale, ringi zimejitaja zenyewe.

Alirudi Jumamosi. Ndani ya chupa kulikuwa na kama kijiko kimoja cha uji mweupe-kijivu: maji yatokanayo na baridi ya Julai na safari fupi za sokoni, yaliyochanganyika na mvuke wa oili. Moshi ulikuwa umekwisha tangu Jumatano, alisema. Nikarudisha brida mahali pake.

"Sasa nitapimaje ikiwa wima, fundi, na niko peke yangu?"

Nikainama kutazama chini. Stendi ya kati ilikuwa imekatika mguu mmoja, na kutu ilionyesha ni ya zamani sana. Kazi niliyomlipisha, ukiacha oili, ilikuwa kuichomelea hiyo.